Nimeambiwa Mimi Si Chanzo

Mwenzenu nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Natoa kopi, nachapa mikataba ya viwanja, barua za posa, na barua za kuomba kazi ambazo kila mwombaji anajisifu kuwa anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, wakati hata hiyo barua nimemwandikia mimi. Sasa ikifika Juni, baridi ikishuka kutoka mlima Loleza, wateja wanapotea. Mtu anaona heri cheti kikose kopi kuliko yeye kutoa mkono mfukoni. Nikabaki na kompyuta, bando na muda. Mwanamume wa miaka hamsini ukimpa vitu hivyo vitatu atatafuta ugomvi tu. Wenzangu wanaingia kwenye siasa. Mimi nikaingia Wikipedia.

Nilidhani ile kamusi elezo inaandikwa na maprofesa waliofungiwa chumba chenye kiyoyozi. Kumbe tangu Jimmy Wales na Larry Sanger waianzishe Januari 2001 inaandikwa na yeyote mwenye kidole. Ya Kiswahili ipo tangu 2003. Miaka zaidi ya ishirini watu wanaandika bure, bila posho! Huku kwetu hata kikao cha harusi hakifunguliwi bila soda.

Nikatafuta makala ya kijiji chetu, kule Rungwe. Sikitaji jina, kina kesi mbili za mipaka, sitaki ya tatu iwe yangu. Makala ilikuwa na mistari miwili, na chini yake wameandika kwamba bado ni mbegu, yaani makala fupi inayosubiri kukuzwa. Mbegu! Mimi mtu wa nyanda za juu unaniambia habari za mbegu? Mbegu ni kile kiazi kidogo kilichochipua, unakitia gunia lake kando ili mama watoto asikichanganye na cha kupika. Kijiji kilichozaa wachungaji wanne, walimu kibao na mwizi mmoja wa ng'ombe aliyevuma hadi Kyela, leo kinaitwa mbegu. Nikakunja mikono ya sweta.

Nikaandika: "Kijiji hiki ni kizuri kuliko vyote vya Rungwe, chenye hali ya hewa murua, ndizi tamu, parachichi zisizo na mfano, na watu wakarimu, wachapakazi na wacha Mungu." Nikaisoma mara mbili, machozi yakanilenga. Nikaenda kunywa chai. Narudi, nakuta: "Kijiji kipo Rungwe."

Maneno matatu. Mtu kapita na panga, kafyeka shamba, kaacha kisiki.

Kwenye historia ya makala kaacha maelezo mafupi: lugha ya kusifu, hakuna chanzo. Nikakimbilia ukurasa wa majadiliano. Kwa kawaida yetu, hata ukienda kwa adui unaanza na "ugonile", anaitikia, mnaulizana hali ya watoto na mvua, ndipo unamwaga sumu. Siku ile sikusalimia. Niliwasha herufi kubwa nikaandika: WEWE NI NANI? UMEWAHI KUFIKA HUKU? MIMI NIMEZALIWA HAPO!

Nikasubiri matusi. Nilikuwa na yangu tayari, nimeyapanga kama nyanya za sokoni, mazuri juu. Likaja jibu: "Karibu sana, na asante kwa mchango wako. Tafadhali usitumie herufi kubwa tupu, zinasomeka kama kelele. Pia usisahau kuweka sahihi."

Sahihi! Nimemfokea mtu, anataka nisaini kama nachukua mkopo. Na sahihi yao si jina. Unaandika viwimbi vinne, hivi: ~~~~, halafu mtambo wenyewe unaweka jina lako na saa. Hicho kiwimbi nilikitafuta dakika ishirini. Kibodi yangu imekwisha maandishi, herufi zilizobaki ni Q na X kwa sababu Kiswahili hakizihitaji. Mteja wa cheti cha kuzaliwa kasimama mlangoni anatetemeka kwa baridi, mimi nabonyeza kila kitu. Nilipokipata nikaweka vitano kwa hasira. Kumbe ukizidisha hadi vitano inatoka saa peke yake bila jina. Sijui hasira yangu ilimfikia kwa namna gani.

Basi nikaanza kusoma kanuni zao. Jamani, kanuni! Wana nguzo tano, na ya tano inasema hakuna kanuni zilizo thabiti kama sheria. Halafu chini yake kuna kurasa za kanuni usizoweza kuzimaliza masika yote.

Iliyonitesa kuliko zote ni ile ya kuchukulia nia njema. Yaani mtu akifuta maandishi yako, wewe uanze kwa kuamini kwamba alikusudia kusaidia. Nikasema ngoja niijaribu nje kwanza. Asubuhi Kabwe nimepanda bajaji, dereva anasema "bado mmoja tu tuondoke". Nikachukulia nia njema. Akaja mmoja, akaja wa pili, akaja mama na kuku. Bado mmoja tu. Nia njema yangu ilikuwa imekaliwa na kuku. Jioni fundi cherehani kaniambia suruali iko tayari ila inakauka. Suruali! Kitambaa nilimpa kikavu. Nyumbani mama mkwe kafika bila taarifa, kaangalia sebule yetu, akasema, "Ndaga, mwanangu, na hapa ndipo mnapolala?" Nikajitahidi sana. Nikasema moyoni, huyu mama anauliza kwa faida ya kamusi elezo.

Nyingine inakataza kumtishia mtu kesi. Nilikuwa nimeshaandika kwamba tutaonana baraza la kata. Nikaambiwa kwa upole uleule kwamba mwenye kutishia mahakama hufungiwa kuhariri mpaka afute tishio lake. Mimi nililelewa na watu ambao "nitakufikisha mbali" ni namna ya kuaga. Nikafuta. Lakini kufuta kwenyewe ni bure, kila ulichowahi kuandika kinakaa kwenye historia, na tarehe na saa na dakika, mtu yeyote akitaka anafungua. Nilidhani kumbukumbu ya namna hiyo anayo mke wangu peke yake.

Ya kutangaza biashara naipitia haraka, inaniaibisha. Kwenye habari za Mwanjelwa niliongeza kwamba sokoni kuna huduma bora ya kopi na lamineshoni kwa bei nafuu, karibu na wauza mitumba. Haikukaa dakika kumi.

Sasa tuje kwenye chanzo, maana hapo ndipo nilipotaka kuitupa kompyuta mtaroni. Niliandika kwamba Ziwa Ngosi limekaa kama ramani ya Afrika na ni la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya kasoko, yale yaliyo ndani ya shimo la volkano. Nikaulizwa: kwa mujibu wa nani? Kwa mujibu wa nani! Kwa mujibu wa kila kijana anayepandisha watalii kule! Nikaambiwa anayepandisha watalii si chanzo. Na kwa nini nimeandika Ngosi wakati ramani nyingine zina Ngozi? Nikajibu kwamba hilo ni neno la Kinyakyusa, maana yake kubwa, haliwezi kuwa ngozi kwani hatuchuni ziwa. Kwa mujibu wa nani? Kwa mujibu wa bibi yangu. Bibi si chanzo. Nikasema basi mimi mwenyewe. Hapo ndipo lilipokuja lile jibu, na viwimbi vyake vinne: "Samahani ndugu, wewe si chanzo."

Nilifunga ofisi mapema siku hiyo. Nusu karne natembea duniani, nimezaa, nimezika, nimesimamia harusi, kumbe si chanzo.

Vita vyenyewe vikaja kwenye kimondo cha Mbozi. Mimi nilikipanda nikiwa mwanafunzi, tukaambiwa kina tani 12, na utotoni ukiambiwa uzito wa kitu ulichokalia husahau. Mwenzangu mmoja akaandika 16. Nikarudisha 12. Akarudisha 16. Nikarudisha. Akatokea wa tatu na kitabu cha zamani chenye 25! Jiwe limetulia tu, sisi tunalinenepesha na kulikondesha. Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza wana sheria kwamba ukirudisha zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 unafungiwa. Nikaonywa kwa mfano huo, nikiwa nimefika ya nne. Hapo sijasema habari ya mkoa. Nilikuwa nimeandika kimondo kiko Mbeya, nikasahihishwa kwamba tangu 2016 kiko Songwe. Hebu fikiria. Kitu kimetoka mbinguni kwa kishindo, kimekaa mahali pamoja miaka na miaka, halafu kimehamia mkoa mwingine bila kusogea hata inchi.

Lakini kuna jambo moja pale halinichekeshi. Makala zinasema kiligunduliwa 1930 na mpima ardhi. Sawa, ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini wazee wa Mbozi walikuwa wanalizunguka jiwe hilo wakilima, na mpima ardhi alipofika ndipo likagunduliwa, kwa sababu yeye alikuwa na kalamu. Nilisoma kwamba mwaka 2011 kuna watu India na Afrika Kusini walijaribu kurekodi wazee wakisimulia ili sauti zao zitumike kama marejeo. Hilo nililiandika kwenye majadiliano taratibu, kwa herufi ndogo, bila tishio, viwimbi vinne kamili. Na tazama maajabu: yule yule wa panga akajibu kwamba nimesema la maana, akanielekeza namna ya kuandika kwamba wenyeji walikifahamu kabla, kwa kutumia kitabu kinachosema hivyo. Na uzito tukaandika kwamba vyanzo vinatofautiana. Ugomvi wa siku tatu umekwishia kwenye maneno mawili. Baadaye akanitumia nyota, ndiyo shukrani yao. Picha ya nyota tu, hailiki, lakini nilimwonyesha mke wangu. Akauliza inabadilishwa wapi iwe hela.

Basi nikakolea. Siku hizi natafuta vitabu kwa mitumba hapo hapo sokoni, vya jiografia, vya historia, vile vinavyofungiwa karanga. Muuza karanga ananidai ukurasa wa 40 hadi 52. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine ya kopi napitia mabadiliko ya karibuni, naangalia nani kaharibu nini. Makala ya kijiji chetu imeshakuwa na mistari tisa, kila mmoja una tanbihi, hakuna hata sifa moja. Kimekauka kama fomu ya benki, na nakilinda kama shamba la viazi lililo jirani na nguruwe.

Jana sasa. Naingia, nakuta mgeni kaongeza aya nzima kwenye kijiji. Anasema mwaka 1986 Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa soka Tanzania Bara, kijiji kizima hakikulala, wazee walichinja dume jeusi, pombe ya kimpumu ikanywewa mpaka jogoo akawika, na mtoto mmoja alikimbia na kwato kuzunguka nyumba zote akipiga kelele.

Nilisimama. Ng'ombe yule alikuwa mweusi kweli, na doa kwenye paja. Naujua uzito wa ile kwato, kwa sababu mtoto yule ni mimi.

Nikatazama chini ya aya. Hakuna chanzo. Ubingwa wa 1986 una vitabu na magazeti. Dume na kwato havina.

Nilikaa nayo saa nzima. Mteja kaja, nimemtolea kopi ya upande mmoja wa kitambulisho mara mbili. Mwisho nikafuta, nikaacha ubingwa peke yake, nikaenda kwenye ukurasa wa huyo mgeni, nikaandika polepole kama ninayempelekea mtu habari za msiba: "Karibu sana, na asante kwa mchango wako. Tafadhali weka chanzo cha kuaminika kuhusu sherehe hiyo." Viwimbi vinne.

Hakuchukua hata dakika tano. "WEWE NI NANI? UMEWAHI KUFIKA HUKU?"

Nikaanza kuandika: mimi nimezaliwa hapo, mimi ndiye niliyebe... Nikafuta. Nikavuta sweta, nikapuliza vidole, nikaandika kwamba herufi kubwa tupu zinasomeka kama kelele, na asisahau kuweka sahihi.