Mosel: Riesling Ibaki au Ipishe?

Katika bonde la mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, wakulima wa mizabibu wanabishania jambo ambalo babu zao wasingelifikiria: je, Riesling, aina ya zabibu nyeupe inayochukua zaidi ya nusu ya mashamba ya huko, iachie nafasi aina nyingine kwa kuwa bonde limeanza kupata joto?

Wanaotaka mabadiliko wana hoja nzito. Riesling huchelewa kuiva, na sifa yake ilitokana na baridi iliyoifanya ijaze sukari polepole bila kupoteza uchachu. Siku hizi sukari hupanda haraka, na ule mvinyo mwepesi wenye kileo cha asilimia 8 hivi, fahari ya Mosel, unazidi kuwa mgumu kupatikana. Mvinyo wa barafu, ambao zabibu zake lazima zigande zikiwa bado mtini kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, ulikosekana Ujerumani nzima katika mavuno ya 2019. Tena urithi wenyewe ulianza kwa amri: mwaka 1787 Clemens Wenceslaus, askofu mkuu na mtawala wa Trier, aliagiza mizabibu duni ing'olewe, na Elbling, aina ya zabibu iliyokuwapo kabla, ikasukumwa kando na Riesling.

Hoja hizo, hata hivyo, zinasahau mteremko. Kule Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, shamba limesimama kama ukuta, baadhi ya sehemu zikizidi mwinamo wa nyuzi 60. Kwa desturi ya bonde hilo, kila mzabibu hufungwa kwenye nguzo yake, vitawi viwili vikipindwa hadi vifanye umbo la moyo, na mkulima hukanyaga vipande vya sleti, jiwe lile lile lililochongwa vibao vya kuandikia shuleni, ambavyo huteleza chini ya kiatu na kutunza joto la mchana hadi usiku. Trekta haliingii. Jasho hilo hulipwa tu na chupa ya bei ya juu, na hapo ndipo mizani yangu inapoinama: zabibu aina ya Müller-Thurgau huzaa sana lakini huuzwa rahisi, Pinot Noir nzuri inapatikana kwingi, ila Riesling ya sleti haina mshindani. Ikiondoka, mteremko nao utaachwa urudi kichaka, na tayari bonde limepoteza maelfu ya hekta tangu miaka ya 1990.

Mashamba ya tambarare ni suala jingine. Huko aina zinazostahimili magonjwa ya ukungu zipandwe, dawa zipungue. Lakini anayeikimbilia Chardonnay, zabibu nyingine nyeupe, akumbuke Aprili 2024, barafu ilipounguza machipukizi kwenye mabonde ya Saar na Ruwer, mito inayoingia Mosel. Chardonnay huchipua mapema kuliko Riesling.