Mbwa Aliyetua Kutoka Angani

Kamishibai, mchezo wa karatasi wa Wajapani ambao msimuliaji huonyesha kadi za picha moja moja huku akisoma hadithi, ina mtego mmoja. Maneno ya picha wanayoitazama watoto hayako nyuma ya picha hiyo. Yako nyuma ya kadi iliyoitangulia. Unachomoa kadi kwa ubavuni mwa jukwaa, yaani kile kisanduku kinachozishika kadi, unaipachika nyuma ya zote, nayo inakugeuzia mgongo wenye maneno ya picha mpya. Maneno ya kadi ya kwanza yako mgongoni mwa ile ya mwisho. Basi ukizibadilishia nafasi kadi mbili zinazofuatana, unaharibu picha tatu.

Hesabu hiyo nilikuwa naijua. Siku ile, katika chekechea moja huko Japani, kadi 12 za Momotaro, mtoto aliyezaliwa ndani ya pichi akaenda kupigana na mazimwi pamoja na mbwa, nyani na ndege aliowapa vitonge, zikaniponyoka mlangoni. Nikaziokota, nikakagua ya kwanza, nikakagua ya mwisho, nikajiambia shwari. Namba zimechapwa kwenye kila kadi, lakini watoto walishakaa sakafuni, tena wa miaka minne, na mtoto wa miaka minne hangoji mtu ahesabu.

Nikafungua milango ya jukwaa la mbao, nikagonganisha vibao viwili vya kuashiria mwanzo, ka, ka! Kimya. Kadi ya 1 hadi ya 4 zikateleza vizuri: navuta nusu, natulia, namalizia. Sikujua kwamba ya 6 imeikalia ya 5 mbele.

Mwenye kusoma husimama kando, macho mgongoni mwa kadi. Uso wanauona watoto.

"Akaja mbwa," nikasoma, "akabweka, akaomba kitonge."

"Nyani!" wakapiga kelele. Nikadhani wana haraka ya hadithi. Nikachomoa.

"Mara ndege akashuka kutoka angani, akipigapiga mabawa."

Mbele yao alikuwa amesimama mbwa. Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukipata kwa ustadi wangu wote wa kubadilisha sauti. Nikavimba kichwa, nikaongeza mbwembwe za mabawa, nikachomoa tena.

"Akaning'inia mtini kwa mkono mmoja, akajikuna kwapa."

Hapo ndipo nilipochungulia mbele, nikamkuta ndege wa watu, shingo ya kijani, mkia mrefu, hana mkono wala kwapa. Ya 8 ikajirekebisha yenyewe, mashua ikaenda kwa mazimwi salama.

Wiki iliyofuata nilizipanga sawasawa. Wakakataa. Walimtaka mbwa anayeruka. Nikainama nyuma ya jukwaa kuziharibu upya, na kwa pupa nikabadilisha ya 6 na ya 7 badala ya ya 5 na ya 6. Mbwa akabaki mbwa. Ndege akajikuna kwapa, nyani akatweka tanga peke yake juu ya mti, kisha mashua ikashuka kutoka angani, ikipigapiga mabawa, ikaomba kitonge.