Kabla ya Kuongeza Mapipa, Gari Lipite

Mtaa ukichafuka, pendekezo la kwanza huwa lilelile: halmashauri iongeze mapipa. Mimi nasema ianze na gari.

Litazame pipa la kituo cha daladala. Liliwekwa kwa ajili ya mpita njia mwenye chupa ya maji au ganda la ndizi. Muda si mrefu limejaa maganda ya viazi, ukoko na nepi, kwa kuwa huko majumbani gari halijapita. Taka zetu nyingi ni mabaki ya chakula, yenye maji, hivyo pipa la chuma la lita 200 likijaa laweza kupita kilo 60. Kulipandisha kwenye lori ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo wazoaji hulipindua chini na kuzoa kwa koleo, maji machafu yakabaki palepale. Lisipotobolewa kitako, mvua hutuama ndani na chuma kikaoza. La plastiki huyeyuka siku mtu atakapomwagia jivu lenye makaa.

Taipei, mji mkuu wa Taiwan, walikutana na tatizo hilihili la taka za nyumbani kwenye mapipa ya barabarani, wakayapunguza. Waliweza kwa sababu gari hupita siku tano kwa wiki, kwa saa inayojulikana, likipiga muziki wa Beethoven, na mwenye nyumba analipeleka fuko lake mwenyewe. Tangu 2000 fuko lazima liwe la serikali, na bei yake ndiyo ada ya taka. Mabaki ya chakula na vitu vya kurejelezwa hupokelewa bure, basi watu hutenganisha. Tokyo nako mapipa mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarin kwenye treni, Machi 1995. Watu hurudi na taka nyumbani, ambako siku ya kuzolewa inajulikana.

Unadhifu wao unatokana na ratiba hiyo. Sikubali kabisa hoja kwamba sisi ni wachafu kwa asili.

Gari likishakuwa la uhakika, pipa la njiani litoshe lita 50 au 80, liwe na ndoo ya ndani yenye mishikio, na mdomo wa sentimita 15 hivi usiopitisha mfuko wa nyumbani. Nguzo yake ifungwe kwa zege. Muuza miwa apewe gunia lake, maana maganda yake peke yake hulijaza pipa kabla ya adhuhuri.