Brashi Mbili na Mama Mkwe

Mtu wa Dar ukimwambia Njombe kuna baridi anakujibu, "Hata huku asubuhi kunakuwaga na kaupepo." Sibishani naye. Namwambia apande basi mwezi wa saba, ashuke stendi alfajiri na hiyo fulana yake, halafu ndiyo tuongee. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Julai ukiamka unaona pumzi yako mwenyewe ikitoka kama moshi wa sigara, na wewe hujavuta.

Ndiyo maana sebuleni kwetu kuna jiko la kuni. La kupikia liko nje. Hili ni la kuota moto. Alilichomelea fundi mmoja wa Makambako kwa vyuma chakavu, mlango wake una bawaba za geti, na bomba lake la nchi sita linapanda wima, linatoboa dari, linakwepa kenchi kwa kona ndogo, kisha linatokea juu ya bati likiwa limevaa kofia. Hiyo kona ndogo iwekeni akilini. Mimi niliisahau.

Siku ya kulifunga fundi alinipa masharti mawili: nichome kuni kavu, na bomba nilisafishe kila mwaka kabla ya baridi. Nikaitikia yote mawili, kama mtu anavyomwitikia daktari habari za chumvi.

Sasa, kuni nzuri za Njombe ni za mwati. Miti hiyo imejaa huku tangu zamani kwa ajili ya magome yake ya kusindikia ngozi, na kuni zake zikikauka zinawaka kwelikweli. Lakini mimi nilikutana na muuza kuni mwenye milingoti mibichi, akanipunguzia bei, nikaona nimempiga. Gogo lililokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Yaani nilinunua maji, nikayabeba kwa toroli, nikayapanga ukutani. Halafu usiku nikawa nabana tundu la hewa ili kuni zifike asubuhi. Moto wa namna hiyo hauwaki, unanuna tu. Moshi wake unapanda polepole, unakutana na bomba la baridi, unaganda pembeni kama lami. Misimu miwili mizima nilikuwa natengeneza lami juu ya dari langu, na barabara ya mtaani kwetu bado ni vumbi.

Mwaka wa tatu jiko likaanza kiburi. Ukifungua mlango uongeze kuni, moshi unakuwahi machoni. Mke wangu akasema, "Baba watoto, mwite fundi." Nikampigia. Akasema elfu 25, na atakuja Alhamisi.

Elfu 25! Kufagia bomba! Nikamwambia nitamjulisha.

Jumapili usiku akaingia mama mkwe kutoka Tanga. Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, kila kituo anaongeza nguo, mpaka anashuka Njombe amejifunga kanga nne na sweta la kondakta. Sijui alilipataje lile sweta. Maneno yake ya kwanza sebuleni yalikuwa, "Mwanangu, kumbe mnakaa ndani ya friji?"

Nikawasha jiko. Moshi ukajaa. Mama akakohoa, akatoka nje kwenye baridi, akarudi kwenye moshi, akatoka tena. Nikapendekeza tumwekee jiko la mkaa chumbani kwake, tufunge madirisha, alale vizuri. Mke wangu akanitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu ndoa. Ni kweli, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu kimyakimya, hewa yake ya sumu haina hata harufu. Lakini lile jicho lilikuwa linauliza jambo jingine kabisa, kama nilikuwa nimepanga.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi nikaamua nisafishe mwenyewe. Brashi ya bomba sikuiona sokoni. Nilichoona ni brashi za chooni, mpya kabisa, na naomba jambo hili lieleweke vizuri kwa sababu ukoo wa mke wangu mpaka leo hauamini: zilikuwa mpya. Nikachukua mbili, elfu tatu na mia tano kila moja. Muuzaji akauliza, "Nyumba ina vyoo viwili?" Nikamwambia ni kwa ajili ya jiko. Akanirudishia chenji bila kunitazama.

Nikazifunga kwa mpira wa tyubu kwenye mwanzi mrefu, moja mbele, moja nyuma yake. Kijana wa jirani akashika ngazi. Mke wangu nikamwachia kazi moja tu: afunge mlango wa jiko, autundikie blanketi lililoloweshwa. Akafanya. Halafu akaenda nyuma kuchemsha chai, na mama mkwe akatoka chumbani, akaliona blanketi bichi limening'inia juu ya jiko.

Mama wa watu ametoka Tanga. Anajua nini? Akaliondoa akalianike. Akafungua mlango wa jiko aone kama kuna hata kikaa kimoja kimebaki. Akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mikono.

Huko juu mimi nimeng'oa kofia. Wavu wake ulikuwa umeziba mpaka umekuwa kama andazi lililoungua. Nikachungulia ndani, giza tupu. Nikaingiza mwanzi. Nusu mita ya kwanza ikaenda vizuri, masizi yanachurura, nikajiona mtu na elfu yangu 18 mfukoni. Kisha mwanzi ukagoma. Ilikuwa ile kona. Lakini mimi nikajiambia, hii ni lami imekaza, nikapanda kwa uzito wangu wote, kilo 84, nikakandamiza.

Mwanzi ukavunjika kwa mlio kama wa bunduki. Kitu kikaporomoka. Bomba likapumua kama pampu ya baiskeli, puuu, na kutoka chini ya nyumba yangu ikapanda sauti:

"Laa ilaha illallah!"

Halafu kimya.

Kijana wa jirani akaachia ngazi akakimbilia ndani. Ngazi ikaangukia kwenye mboga. Nikabaki juu ya bati lenye umande, nimekumbatia bomba kama mtoto wa nyani, sina pa kwenda. Nikainamisha mdomo kwenye tundu, nikaita nikidhani ni mke wangu aliyeko chini:

"We! Imetoka?"

Kimya. Kisha, taratibu, kutoka tumboni mwa bomba:

"Nani humo?"

Sauti ile naijua. Na hapo, jamani, malezi yakanishinda. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa sijamwamkia mama mkwe, na mtoto wa watu hawezi kuongea na mkwewe kabla ya salamu. Nikaweka mdomo vizuri kwenye bomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, umeingiaje humo?"

Nilikaa juu ya bati dakika 40. Mke wangu alipigiwa kelele kwamba nimekwama, akajibu anamwogesha mama kwanza, mimi nisubiri. Majirani walipita. Wengine walisimama. Mzee mmoja aliniuliza kama kutoka pale naona lori la viazi linakuja.

Niliposhushwa na kuingia sebuleni, ndipo nikaelewa. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma, vya harusi yetu, ambavyo mke wangu hutandika kwenye makochi akija mama yake tu, vilikuwa vyeusi. Ukuta mweusi. Kalenda imebaki mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili tu. Katikati ya sakafu, palepale kwenye kigoda, kulikuwa na umbo la mtu aliyekaa, jeupe, na masizi yamemzunguka. Na mbele ya umbo lile, imesimama wima ndani ya bonge la lami, brashi ya chooni.

Mama mkwe alikuwa kitandani amejifunika, macho tu nje. "Mkwe," akasema kwa upole uliozidi tusi, "huku kwenu choo na jiko vimeungana?"

Hapo mtu mwenye akili angempigia fundi. Mimi nikahesabu brashi. Nilitumia mbili, moja imetoka, nikajipa moyo kwamba ya pili imebaki kwenye kipande cha mwanzi kilichokuwa juu. Kipande chenyewe nilikitupa bila kukitazama. Jioni nikawasha moto ili nimwoneshe mama kwamba taabu yote haikuwa bure.

Brashi ya pili ilikuwa kwenye kona.

Plastiki ikiungua haina cha kufananishwa nacho. Saa tatu usiku tulikuwa uani wote na mablanketi, milango wazi, madirisha wazi, mama mkwe katikati kama maiti inayosubiri maziko, na kijana wa jirani anapita na chai. Moto niliuzima kwa kuukosesha hewa, si kwa maji, hilo angalau nililijua. Tulilala kwa chupa za plastiki zenye maji ya moto, kila mtu na yake.

Alhamisi fundi akaja na vyuma vyake vya kuunganisha na brashi ya waya ya nchi sita. Hakuanzia juu. Alianzia kwenye ile kona, akaifungua darini kwa skrubu tatu. Skrubu tatu! Akatoa kitu cheusi kimejikunja, akakinusa, akanitazama, akakiweka kwenye gazeti bila kuuliza. Halafu akakwangua ndani ya bomba kwa bisibisi, kikabanduka kipande kinachong'aa kama kioo cheusi, akanipa mkononi.

"Masizi yakifika milimita tatu, unasafisha," akasema. "Hii unene wake ni kidole. Siku ikishika moto, bomba linanguruma kama lori linapanda mlima, joto linapita nyuzi 1,000, na hizo kenchi zako ni paini kavu."

Nikatazama kenchi. Nikatazama lile gazeti. Akasugua saa moja na nusu, masizi yakajaa ndoo mbili, kisha akaweka kioo kidogo chini ya bomba, akaniita nichungulie. Niliona duara la mbingu ya Njombe, bluu, saizi ya sahani.

Bei ilikuwa elfu 40, kwa sababu ya ule mzigo wa kwenye kona. Mke wangu alilipa, kisha akanipa risiti niiweke mimi.

Mama alikaa wiki mbili zaidi mbele ya jiko lile, kuni za mwati zinaita, kanga zimepungua mpaka mbili, na simu sikioni kutwa nzima. Nilikuwa napita mlangoni nikiinama kwa adabu, nasikia, "... miye nimekaa zangu, jiko likaniamkia..."

Desemba tukaenda Tanga harusini kwa shemeji. Nilifika uani wakati wa pilau, sufuria kubwa ziko kwenye mafiga, moshi umetanda. Wazee wakanitazama, wakanong'onezana. Kisha mjomba wa mke wangu, mtu wa miaka sabini na ushee ambaye hatujawahi kuonana, akanyanyuka na mkongojo wake, akaenda mpaka kwenye sufuria, akafunua mfuniko, akainamisha kichwa ndani na kuita:

"Mkwe! Umeshafika, au bado uko njiani?"