Potwe wa Mafia: twende kumwona, au tumwache na bahari yake?

Potwe akila hana habari na mtu. Huja juu taratibu, mdomo wazi, madoa meupe yametapakaa mgongoni, akichuja vijikamba vidogo mno. Ni papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, na kuanzia Oktoba hadi Machi hukusanyika karibu kabisa na Kilindoni, kisiwani Mafia. Wengi wanaopanga likizo huko humfuata yeye. Je, safari zetu zinamlinda au zinamsumbua?

Wanaozitetea wana hoja nzito. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822, wakati uvuvi wa baruti ulikuwa ukivunja matumbawe. Doria zinahitaji mafuta ya boti, na ada za wageni husaidia. Potwe aliye hai humpa nahodha riziki msimu mzima.

Lakini tazama ramani. Geti la hifadhi liko Utende, mashariki, ambako kuna ghuba ya Chole na visiwa vya Juani na Jibondo. Kilindoni iko magharibi, nje ya mpaka. Yaani mgeni analipia hifadhi upande mmoja, kisha anakwenda kumtazama potwe upande usiohifadhiwa, kwenye maji yale yale yenye nyavu za dagaa na injini za boti. Huku mvuvi wa ndani ya hifadhi, aliyekatazwa kukokota juya (wavu mrefu wa kuburuta), anaona boti za wageni zikipita pale asipoweza kutega. Manung'uniko yake ni ya haki, na hayajibiwi kwa kumwambia kwamba utalii ni maendeleo.

Hata hivyo, mimi nasema twende, ila si kwa pupa. Kuruka asubuhi kutoka Dar es Salaam, kuogelea na potwe na kurudi jioni kunamwachia mwenyeji kelele tu. Kaa siku tano. Lala usiku kadhaa Kilindoni kwenyewe, ule kwa mama lishe. Kabla ya kupanda boti, elewana na nahodha: injini izimwe mkiwa mbali, asimkatie samaki njia, na mkikuta boti nyingine imeshamzunguka, msubiri. Usimguse. Panga pia msimu kwa akili, kwani potwe ni wa msimu wa kaskazi, upepo wa mwisho na mwanzo wa mwaka, na vifaranga vya kasa huko Juani hutoka zaidi wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka. Kuvitaka vyote katika safari moja ni kumlazimisha mwongoza wageni akuahidi asichonacho.

Ulinzi nao ufike Kilindoni, lakini mpaka wake wasiuchore watu wa ofisini peke yao. Potwe akiingia kwenye wavu pamoja na dagaa, wanaoushusha ili apite ni wavuvi, na wanaijua njia yake tangu kabla mgeni wa kwanza hajavaa miwani ya kupigia mbizi.