Nilisema Jino, Wakasikia Jini

Ukitaka kujua una ndugu wangapi mjini Tanga, shika shavu. Usiseme kitu. Kunja uso, shika shavu, pita kijiweni. Mimi nilishika Jumatatu asubuhi pale Barabara ya Nane, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na madaktari wa meno kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyesomea.

Jino lenyewe lilikuwa gego la mwisho la chini, kulia, lile waliloliita wenyewe jino la busara. Kwa wengi huota kati ya miaka 17 na 25. Langu lilianza kuchungulia nikiwa na 24, likaona dunia ilivyo, likaghairi. Likabaki nusu nje nusu ndani, ufizi umelifunika kama kofia iliyoshuka machoni. Chakula kikiingia chini ya ile kofia hakitoki. Kila baada ya miezi michache panavimba, mdomo haufunguki kupita kijiko cha chai, na mimi nazungumza na watu kwa nyusi.

Mjomba alisema jino halina daktari, lina koleo tu. Fundi baiskeli akasema hakuna kitu kinachokwama ambacho hakitoki kwa mafuta na subira, na alikuwa ameshika spana alipokuwa akisema hivyo, nikarudi hatua mbili. Muuza kahawa akashauri nimtazame daktari meno yake mwenyewe kwanza, maana fundi cherehani hawezi kuvaa kanzu iliyochanika. Hilo nililiona la maana, mpaka nilipokumbuka kwamba hakuna mtu anayejing'oa jino mwenyewe, kwa hiyo meno ya daktari ni sifa ya daktari mwingine.

Mama mdogo hakutoa ushauri. Alitoa amri. Kwanza karafuu, ibane pale pale. Pili, nikienda kwa daktari niende kwa mwanamke, mkono wa mwanamke mwepesi. Nikabana karafuu wiki nzima. Ilinituliza, sikatai, ila kila niliyezungumza naye alisema ananusa pilau.

Wa kwanza kumwendea alikuwa bwana mmoja niliyeelekezwa na dereva wa bajaji. Chumba kimoja, kiti kimoja, pazia. Akaniangalia mdomoni kwa tochi ya simu, na simu ikaita akiwa ndani ya kinywa changu, akaipokea. Alipomaliza akasema, "Hilo dakika tano tu." Nikamuuliza kama hatupigi picha kwanza.

"Picha ya nini?" akasema. "Kwani unataka kulichumbia?"

Nikaaga. Nilimwambia naenda kutoa hela kwa wakala, na mpaka leo naitoa.

Wa pili alikuwa tabibu wa meno, kijana mpole. Huyu alinipeleka kwenye eksirei ya taya nzima, kisha akaibandika picha kwenye taa na kuniita nije nione. Ndipo nilipokutana na jino langu ana kwa ana. Halikuwa limesimama. Lilikuwa limelala, kichwa kimemwegemea jirani yake kama abiria wa basi la Dar aliyesinzia begani mwa mtu asiyemjua. Mizizi yake imekaribia mfereji mdogo ndani ya mfupa wa taya. Humo, akanieleza, hupita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia.

Halafu akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi wa aina yoyote mjini hapa, wa saa, wa friji wala wa pikipiki: "Hili si la kwangu."

Nilitaka kumkumbatia. Yeye hung'oa meno kila siku, lakini hili lilitaka daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Akaniandikia.

Bingwa nilimwendea na karatasi ya maswali, kama mzee anayekwenda kupokea barua ya posa. Ameshatoa mangapi yaliyolala namna hii? Mshipa ukiguswa inakuwaje? Nitalazwa usingizi au ganzi inatosha? Alijibu yote bila kuangalia saa. Ganzi inatosha. Mshipa ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi wiki kadhaa au miezi, mara nyingi hurudi, mara chache haurudi kabisa. Hakuniambia "usijali", na hapo ndipo nilipomkubali. Kisha akanusa, akacheka, akaniuliza kama nimetumia karafuu. Akasema hata wao dawa fulani za meno wanazichanganya na mafuta ya karafuu, kwa hiyo aliyenishauri si mjinga. Na bingwa mwenyewe alikuwa mwanamke. Mama mdogo anajihesabia upasuaji ule mpaka leo.

Jambo moja tu alinisisitizia: "Siku hiyo njoo na mtu."

Nikawaza, mtu gani? Nikimchukua mama mdogo ataingia mpaka ndani na kushika koleo. Nikimchukua mjomba atataka apunguziwe bei kwa kuwa ni jino moja tu. Nikaamua mimi ni mtu mzima.

"Umekuja na nani?" bingwa aliniuliza siku ilipofika.

"Na baiskeli."

Akaandika kitu kwenye faili. Nadhani aliandika hivyo hivyo.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi ndefu. Sindano zilichoma, halafu nusu ya uso ikahama nyumba: mdomo wa chini, kidevu, ulimi, vyote vya upande wa kulia. Unasikia kusukumwa, husikii maumivu. Jino hawakulivuta zima. Walilikata vipande wakatoa kimoja kimoja, kama watu wanaotoa kabati kwenye mlango mwembamba, na mimi ndiye nyumba. Dakika arobaini hivi, nyuzi mbili tatu, pamba juu yake, uma.

Nesi akanipa masharti. Nibane pamba kwa nguvu, nisizungumze sana. Nisiteme mate, nisinywe kwa mrija, nisivute sigara, maana damu inayoganda ndani ya shimo ndiyo bandeji yenyewe. Ikichomoka mfupa unabaki wazi, na maumivu yake yatanifanya nilikumbuke jino kwa mapenzi. Nikaitikia kwa kichwa, nikatoka nje, nikatundika mfuko wa dawa kwenye usukani wa baiskeli, nikaanza kufungua kufuli. Nesi akatoka mbio. Baiskeli? Na sindano zote zile? Akaninyang'anya funguo, akamwita kijana wa bodaboda wa pale getini, akanipandisha kama gunia. Mfuko wa dawa ukabaki usukanini. Simu nilikuwa nayo, ila imezima, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nasoma habari za watu waliopatwa na mabaya kwa kung'oa meno.

"Wapi, braza?"

Mimi nakaa Mabawa. Sasa wewe jaribu. Bana kitambaa kwenye magego, usiikutanishe midomo, sema "Mabawa". Herufi M inataka midomo miwili. B inataka midomo miwili. Mimi nilikuwa na mmoja na nusu.

"Hahawe," nikasema.

"Sahare? Twende."

Nilifumba macho njia nzima, kichwa kinazunguka. Nilipofumbua, nilinusa bahari. Mabawa hakuna bahari. Nikashuka nikaanza kumpungia mikono yule kijana kwamba si hapa, rudi, naye akanipungia vilevile, "Haya braza, ugua pole," akaondoka na abiria mwingine.

Chini ya mkungu walikuwa wamekaa wazee wawili wanashona nyavu, bibi mmoja anauza mihogo, na watoto. Huwezi kuwapita wazee hivi hivi. Nikasema shikamoo, ikatoka "hikahaa", na pamoja nayo mate mekundu yakashuka kwenye kidevu bila mimi kuwa na habari.

Wakasimama wote.

Mzee mmoja alikuwa amewahi kuhudhuria semina ya huduma ya kwanza, na nadhani aliisubiri siku hii miaka mingi. "Kiharusi!" akasema. "Tazameni mdomo umekwenda upande. Kijana, cheka!" Nikacheka. Nusu ya uso ikacheka, nusu ikabaki msibani. "Mnaona! Sasa inua mikono yote miwili!" Nikainua yote miwili, juu kabisa. Akakunja uso. Mikono haikutakiwa kupanda sawa. Niliona nimemwangusha.

"Si kiharusi," akasema bibi, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwishayaona mengi. "Mwulizeni ana nini."

"Una nini, mwanangu?"

Nikajikusanya. Nikasema kwa nguvu zote: "Jino!"

Kumbe O nayo inataka midomo iviringe. Yangu haikuviringa. Ikatoka jini. Safi kabisa, hata mimi niliisikia.

Watoto wakarudi nyuma. Mwenye mihogo akaifunika. Nikatikisa kichwa, hapana, hapana, nikaokota kijiti nikapiga magoti kuandika mchangani. Yule mzee wa semina akasimama nyuma yangu akisoma kwa sauti. "J," akasema. "I." Watu wakasogea. "N..."

"Jini!" bibi akamalizia. "Si limejiandika lenyewe?"

Kuna mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, ana pengo mbele, alinitazama kwa huruma ya mtu aliyepitia. "Huyu kang'olewa jino," akasema. "Hata mimi mate yalitoka hivi."

"Nyamaza, wakubwa wanazungumza," akaambiwa.

Bibi alishatuma mtu kuleta ubani. Mimi nikafunikwa kanga kichwani, moshi ukaletwa, na kwa kuwa niliambiwa nisikohoe wala nisiteme, nilikaa mle ndani nalia machozi kimya, jambo ambalo halikunisaidia. Bibi akaanza mahojiano. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Watoka wapi?"

Sasa hapa ndipo ninapomshukuru bingwa wangu na kumlaumu kwa pamoja. Saa zilikuwa zimekwenda, na ganzi ikaanza kuachia. Nilihisi mdomo unawashawasha, unarudi. Nikaukutanisha na mwenzake kwa uangalifu mkubwa, nikatamka vizuri kuliko nilivyowahi kutamka maishani:

"Mabawa!"

Kimya.

"Lina mabawa," mzee wa semina akanong'ona, na kuanzia hapo akaiacha kabisa nadharia yake ya kiharusi.

Ningekuwa pale mpaka leo kama si mlio wa pikipiki. Nesi alikuwa ameona mfuko wa dawa usukanini, akamuuliza yule kijana kama amenifikisha Mabawa, naye akamwambia mbona alisema Sahare. Kijana akarudi mbio, mfuko mkononi. Akanikuta nimekaa chini ya kanga, ubani unafuka, watu kumi na tano wamenizunguka.

"Huyu katoka kung'olewa jino," akasema.

Watu wote wakamgeukia mtoto mwenye pengo. Hakusema kitu. Alichukua kipande cha muhogo bila kuomba, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa na shavu kama chungwa la Muheza, nikaishi kwa uji wa baridi na maji ya chumvi. Damu iliganda ikakaa, mdomo ukarudi wote. Baada ya wiki nyuzi zikatolewa, na Ijumaa ile ile nikachukua baiskeli yangu, nikanunua haluwa, nikaenda Sahare kurudisha kanga.

Bibi alinipokea vizuri sana. Akaniambia nifungue mdomo, akachungulia kwa muda mrefu kuliko bwana wa tochi.

"Limetoka lote?"

"Lote, bibi. Na mizizi yake."

"La huku kulia."

"La kulia."

"Na kushoto je?"

Nikanyamaza. Picha ya eksirei ninayo ndani, na kushoto liko jingine, limelala vilevile, limemwegemea mwenzake.

"Lipo," nikasema.

Bibi akamgeukia mzee wa semina, akalamba haluwa kidoleni.

"Si niliwaambia? Hawa hawatembei mmoja mmoja."