Na sisi wenye usonji tuhesabiwe

Mwandishi wa makala kuhusu ajira kwa watu wenye ulemavu ameeleza vizuri kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Lakini sisi wenye usonji wa aina iliyokuwa ikiitwa Asperger, yaani tunaoongea na kusoma vizuri ila mazungumzo ya kawaida na watu yanatushinda, nani anatukumbuka? Ukisema una ulemavu, mtu anakuangalia juu mpaka chini, anauliza huo ulemavu uko wapi.

Mimi ni mhasibu. Kila ninapoachishwa kazi hakuna anayelalamikia hesabu zangu, wanalalamikia salamu. Asubuhi ofisini unatakiwa kupita meza kwa meza: za nyumbani, watoto hawajambo, umeona mechi ya jana? Huku feni inanguruma, redio iko juu, simu zinaita, nashindwa hata kumtazama mtu usoni. Basi naitwa mwenye dharau, na muda wa majaribio ukiisha siongezewi mkataba.

Ninachohitaji ni meza ya pembeni na maagizo kwa maandishi, siyo "si unajua mwenyewe bwana". Jamani, hilo ni gharama gani? Maofisa kazi wanapokagua waajiri wawaulize na kuhusu sisi, maana wengi tumefika utu uzima bila kupimwa, tangu shule tukiambiwa ni kiburi.